Nina miaka 58 na nimeandika skripti ya filamu: je, niigharamie kwa kiinua mgongo?

Karani wa Temeke (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, kwa heshima naomba ushauri wenu. Kwa miaka 31 nilikuwa karani wa mahakama, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuchapa mienendo ya mashauri ya mirathi, ndoa na madeni, kiasi kwamba hadi leo nikifumba macho nasikia namna mjane anavyolijibu swali asilotaka kulijibu. Madaftari yangu ya hadithi aliyasoma marehemu mke wangu peke yake, naye ndiye aliyenihimiza niandike filamu. Nilipostaafu mwaka jana niliandika skripti ya kurasa 140 kuhusu ndugu watatu wanaogombea nyumba ya urithi Mbagala. Mwongozaji mmoja kijana aliisoma, akaniambia kuwa ni hadithi ya kusoma, si ya kutazama, wala hakufafanua. Mwanangu anashauri nitoe nusu ya kiinua mgongo tuitengeneze wenyewe. Yule kijana alikuwa na maana gani, na je, nimsikilize mwanangu? Nanakili sentensi moja ili mwone:

"Hamisi, ambaye tangu utotoni alimwonea kaka yake wivu kwa kuwa baba alimpeleka shule ya bweni, anaingia sebuleni."

Mwandishi wa Tabata

Shikamoo mzee wangu. Nimeandika tamthilia za televisheni kwa miaka kadhaa, na sentensi hiyo inatosha kulijibu swali lako la kwanza. Mtazamaji atamwona Hamisi akiingia sebuleni, basi; utoto, wivu na shule ya bweni vitabaki kwenye karatasi, kwa sababu katika skripti huandikwa kile tu kinachoweza kuonekana au kusikika. Jaribu hivi:

"NDANI. SEBULE. USIKU. Hamisi anaingia. Ukutani ipo picha ya kaka yake akiwa na sare ya shule. Hamisi anaigeuza iangalie ukuta."

Yote uliyoyaeleza yamo humo, na mwigizaji amepata kitu cha kufanya. Kuhusu urefu, ukurasa uliopangwa ipasavyo, kwa herufi za Courier zenye ukubwa wa 12, hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo umeandika filamu ya saa mbili na dakika 20, ambayo ni ndefu mno kwa kazi ya kwanza. Lakini sikio la mazungumzo, ambalo mimi nisingeweza kukufundisha, unalo tayari. Wengi wetu huandika wahusika wanaosema kila wanachokiwaza, ilhali wewe umewasikiliza watu wakificha kwa miaka 31.

Mama wa Kigamboni

Kaka yangu, pole kwa kuondokewa na wifi yetu. Nakuomba usikiguse kiinua mgongo. Mimi nilitoa mafao yangu kutengeneza filamu. Siku kumi tulizopanga za kupiga picha zikawa kumi na tisa, na kila siku iliyoongezeka ilidai chakula, usafiri na kodi ya vifaa, halafu msambazaji aliyeichukua hakunirudishia hata gharama ya chakula. Andika kwanza filamu fupi ya kurasa kumi: nyumba moja, usiku mmoja, ndugu haohao watatu. Hata hiyo itahitaji kibali cha Bodi ya Filamu kabla hamjapiga picha.

Wakili wa Upanga

Hakimiliki ya skripti ni yako tangu ulipoiandika, na kuisajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kutakusaidia kuthibitisha umiliki pakitokea mgogoro. Ninachokihofia zaidi ni hizo familia ulizozisikiliza. Usimtoe mtu mzimamzima kwenye jalada ukamweka kwenye filamu, kwa maana huenda anaishi mtaa wa pili kutoka kwako. Badilisha kazi yake, idadi ya watoto na chanzo cha ugomvi, hadi wewe mwenyewe usiweze kumtambua.

Mwalimu Mstaafu, Sinza

Mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Kuambiwa kuwa ni hadithi ya kusoma si lazima iwe kasoro. Huenda ulichoandika ni riwaya iliyovaa nguo za filamu, na riwaya haidai kamera wala kibali cha kupiga picha. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, ipo kwa ajili ya waandishi wa riwaya pia. Umri usikusumbue: David Seidler alipata Oscar ya uandishi wa skripti mwaka 2011 akiwa na miaka 73, na James Ivory akaipata yake mwaka 2018 akiwa na miaka 89.

Karani wa Temeke (mleta uzi)

Nawashukuru sana, na mwanangu nimemsomea majibu yote. Fedha itabaki benki. Nimetafakari sana suala la riwaya, lakini picha ile iliyogeuzwa ukutani imenikesheza, na nimeona kuwa ni filamu ninayoitaka. Kurasa 140 nimezifungia kabatini pamoja na madaftari, nikaanza upya kwa kurasa kumi. Mwandishi wa Tabata, ukipata nafasi naomba unikosoe mwanzo wake:

"NJE. MBELE YA NYUMBA. ALFAJIRI. Mlango mmoja wenye kufuli tatu. Dada mtu anafungua ya kwake, anavuta mlango, haufunguki. Anaketi barazani na kusubiri."