Ushauri: kwa chesi nikishatoa vipande vyote nakwama, mnajuaje cha kufanya hapo?

Mwana_Kayole: Wasee habari zenu, naomba msaada. Chesi naijua, ufunguzi natoa vizuri, mfalme anaingia kona mapema na sipotezi kipande ovyo. Shida ni hatua ya kumi na mbili hivi, hakuna cha kula hakuna cha kulinda, sasa nasukuma tu, ngome iende mraba wa c1 irudi b1 (herufi ni mstari wa kwenda mbele, namba ni safu), malkia d2 arudi, na mwenzangu ananifinya pole pole mpaka nakosa pa kupumulia. Mtu hupangaje hapo? Nataka jibu kabla ya Jumamosi, usingizi umenipotea.

MzeeWaUmoja: Kijana wangu, mipango ni ya wakubwa, fanya mazoezi ya mitego kila siku. Mimi nilifunzwa na mjomba, alikuwa haongei, anakula ugali na mkono mmoja anasukuma kipande na ule mwingine, na siku nilimpiga alifunga ubao akaenda kulala kabla jua halijazama. Mitego tu.

FarasiMweusi: Mzee shikamoo, lakini mitego haiji yenyewe, inatoka kwa vipande vilivyosimama mahali pazuri, na mpango ndio unaviweka hapo. @Mwana_Kayole Jumamosi kuna nini? Mashindano ama umeweka pesa?

Mwana_Kayole: Si mashindano. Nijibuni tu swali.

FarasiMweusi: Ushauri wa mtu anayecheza dakika tano si wa mtu mwenye saa nzima. Sema.

Mwana_Kayole: Sawa. Nafundisha watoto chesi hapa mtaani, wazazi walichanga wakanipa advansi. Juzi mtoto wa miaka tisa, vipande vyote tayari viko nje, akaniuliza "mwalimu, sasa tunataka nini?" nikamwambia acheze chochote salama. Akaniangalia tu. Na msianze kunihukumu, kumfunza mtoto asipoteze malkia bure bado ni kazi, halafu hiyo pesa imeshaingia kwa kodi, kurudisha siwezi. Nafikiria niwafunze ufunguzi tu mpaka muhula uishe.

MamaWatatu_Donholm: Aki wazazi tunajinyima mtoto apate kitu, kumbe mwalimu mwenyewe anatafuta jibu usiku! Waambie wazazi ukweli, ndugu yangu.

Kipanga_Pipeline: Subirini kidogo. Huyu si ndiye mwezi uliopita alikuwa anaomba ushauri wa kununua boda kwa mkopo? Leo ni mwalimu wa chesi na mtoto ameuliza swali tamu hivyo. Hii stori imetungwa.

MzeeWaUmoja: Hata mimi nilishangaa, watoto wa siku hizi hawaulizi, wanabonyeza simu.

Mwana_Kayole: Kwani Nairobi hii nani ana kazi moja? Boda ni asubuhi, watoto ni Jumamosi.

Kipanga_Pipeline: Basi weka hiyo gemu ya mtoto tuone.

Mwana_Kayole: Ni nyeupe. Askari wa c4 alikula d5, nyeusi akarudisha na wa e6. Sasa mtoto ana askari a2, b2, d4, e3 na watatu wa upande wa mfalme. Nyeusi ana a7, b7, c6, d5, f7, g7, h6. Askofu wa nyeusi yuko e7, wafalme wote wako kona, malkia wote wapo.

FarasiMweusi: Kipanga, hiyo ni gemu ya kweli, umbo hilo linajulikana kabisa, linaitwa Carlsbad, kwa mji wa Czech uliokuwa na mashindano makubwa 1907, 1911, 1923 na 1929. Na jibu la mtoto liko hapo hapo kwa askari. Upande wa malkia yeye ana wawili, a na b, nyeusi ana watatu, a, b na c. Ungedhani wachache wanyamaze, lakini wao ndio wanaenda. Askari wa b anaenda b4, wa a anaenda a4, wa b anasogea b5, halafu anakula c6, nyeusi anarudisha na b7, na sasa askari wa c6 amebaki nyuma, hakuna askari mwenzake wa kumlinda, na mstari wa c uko wazi kwa ngome zako. Hiyo ndiyo "tunataka nini", tunataka c6. Ukishajua hivyo kila kipande kina kazi, ngome inajua mstari wake, farasi anatafuta njia ya c5. Na mwambie mtoto nyeusi naye hatalala, ataleta farasi e4 na vipande kwa mfalme wako, kwa hivyo mkiona hatari kule mnasimama kwanza mnajibu. Mpango unabadilika ubao ukibadilika, ila kukaa bila wowote ndiko kulikokufinya.

MamaWatatu_Donholm: Hii sasa hata mimi nimeelewa na sichezi. Si uwafunze hii basi?

Mwana_Kayole: Hiyo ya ufunguzi tu naiacha. Nitapanga umbo hilo kwa kila ubao wacheze pande zote mbili. Lakini naanza na b4 moja kwa moja?

Kipanga_Pipeline: Ukienda b4 sasa hivi askofu wa e7 anakula bure. Ngome b1 kwanza, imlinde huyo askari.

Mwana_Kayole: Kumbe ile ngome iliyokuwa inarudi b1 ilikuwa mahali pake, haikuwa na kazi tu. Nimeshachora ubao, asanteni.