Reli nyepesi yapangwa kupita mtaani kwetu, tumeitwa kutoa maoni. Tuandike nini?

Katibu_wa_Mtaa

Wakuu, heshima kwenu. Wakazi wa mtaa wetu tumepata tangazo la kikao cha kutoa maoni kuhusu reli nyepesi mpya ya mjini, yaani treni ndogo za umeme za kubeba abiria. Limeambatana na michoro ya njia tatu: moja katikati ya barabara yetu kuu, nyingine inafuata bonde nyuma ya nyumba, na ya tatu inapita juu kwenye nguzo. Kuna na kidodoso chenye swali moja tu: unaunga mkono mradi, Ndiyo au Hapana?

Nimetwishwa ukatibu wa kamati na kila upande unanivuta. Wenye biashara wanataka tuandike Hapana na kukusanya saini. Vijana wamechoka kubanana kwenye mabasi, wao ni Ndiyo bila masharti. Wazee wanasema haya yalishaamuliwa zamani, tunaitwa kupigwa picha. Mimi mwenyewe treni naitaka, ila naogopa barabara isije ikawa ukuta wa kututenganisha na majirani wa ng'ambo.

Naomba ushauri wenu. Tuandike nini ambacho hakitaishia kapuni?

Kinyonga_Mkavu

Wazee wako wako sahihi. Ukiona wameanza kukuuliza rangi ya mabehewa, ujue njia imeshachorwa. Nendeni mkanywe maji ya chupa mrudi nyumbani.

Mpimaji_Mstaafu

Katibu, Kinyonga ana nusu ya ukweli. Hiyo nusu nyingine ndiyo ya kufanyia kazi.

Kabla ya Ndiyo au Hapana, ulizeni mradi uko hatua gani. Kama bado ni upembuzi yakinifu, yaani wanapima kama mradi unafaa, njia yenyewe inaweza kuhama, hata mradi wote unaweza kufutwa. Kama wameshafika usanifu wa kina, yaani michoro ya mwisho ya kujengea, njia haihami tena. Kinachohama ni vituo, vivuko, taa za makutano na maingilio ya magari. Nimeona vikao vingi watu wakipigania njia hadi sauti zinakauka, wakati kilichokuwa mezani siku hiyo ni mahali pa kivuko. Wakaikosa njia, na kivuko nacho wakakikosa.

Kuletewa njia tatu ni dalili nzuri kiasi, ilimradi zote tatu ziwe za kweli. Mara nyingine mbili huwekwa ili ya tatu ionekane nzuri. Ombeni jedwali la ulinganisho: kila njia inagharimu kiasi gani, inahamisha kaya ngapi, inabeba abiria wangapi kwa saa, inatumia dakika ngapi toka mwanzo hadi mwisho. Wakisema jedwali halipo, andikeni hivyo hivyo kwenye maoni yenu: tumeombwa kuchagua bila taarifa za kuchagulia. Sentensi hiyo ina uzito. Uingereza kuna hukumu ya mwaka 1985, kesi ya Gunning dhidi ya halmashauri ya Brent, iliyohusu kufungwa kwa shule wala si treni. Ilikubali misingi minne ambayo mahakama za huko zinaitumia mpaka leo: maoni yaombwe mpango ukiwa bado unaundwa, watu wapewe sababu za kutosha kuelewa, wapewe muda wa kutosha, na walichosema kizingatiwe kwa dhati kabla ya uamuzi. Mkataba wa Aarhus wa 1998, ule wa kimataifa kuhusu haki za wananchi katika maamuzi ya mazingira, nao unataka wananchi washirikishwe mapema, chaguo zote zikiwa bado wazi. Huenda nchi yenu haifungwi na hayo, lakini kama kipimo cha kikao chenu yanatosha kabisa.

Sasa kuhusu kusikika. Marekani walijenga reli nyepesi kati ya Minneapolis na Saint Paul kwenye barabara iitwayo University Avenue. Mpango wa awali uliruka vituo vitatu upande wa Saint Paul, kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini ambao wengi hawana magari. Treni ingepita mlangoni pao bila kusimama. Sababu ilikuwa kanuni ya serikali kuu ya kupima gharama dhidi ya faida: kila kituo kilichoongezwa kiliharibu hesabu na kuuweka mradi kwenye hatari ya kukosa fedha. Wakazi wakaungana, na hawakuandika kwamba treni ni mbaya. Walidai vitu vyenye majina: Hamline, Victoria, Western. Na walielewa kikwazo kiko kwenye kanuni, si kwa mchoraji. Mwanzoni mwa 2010 serikali kuu ikailegeza kanuni ile, vituo vikaingizwa, na njia ilipofunguliwa Juni 2014 treni zilisimama pale.

Kwa hiyo tafuteni nani ameshika kalamu juu ya kila jambo. Mchoraji aliyekaa mbele yenu kikaoni mara nyingi ana uwezo mdogo kuliko mnavyodhani.

Kinyonga_Mkavu

Mkuu, huo mmoja uliofanikiwa unaujua kwa sababu ulifanikiwa. Iliyokataliwa nani anaisimulia?

Mpimaji_Mstaafu

Iko pia. Seattle, huko huko Marekani, wakazi wa bonde la Rainier walitaka treni ipite chini ya ardhi, wakaenda hadi mahakamani, wakashindwa. Inapita juu ya ardhi katikati ya barabara tangu 2009. Ila ulitengwa mfuko wa dola milioni 50 kwa ajili ya eneo lile, biashara zilizoathirika zikiwemo. Hawakupata walichotaka, lakini hawakuondoka mikono mitupu.

Duka_la_Pembeni

Naongea kama mwenye biashara. Msituone wabishi, treni haituogopeshi, tunaogopa shimo. Ukichimba mbele ya mlango wangu na usiniambie utafukia lini, hata treni ya dhahabu itanikuta nimefunga.

Ulizeni mabomba. Chini ya barabara kuna maji, majitaka, kebo za umeme na simu, na vingi havipo kwenye ramani yoyote. Reli ikiwekwa juu yake huwezi tena kuvifukua kila bomba linapopasuka, kwa hiyo vinahamishwa kwanza. Edinburgh, kule Scotland, walipojenga reli yao, kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa, ukazuka na ugomvi mkubwa na mkandarasi. Gharama ilifika pauni milioni 776, njia ikakatwa kabla ya kufika bandarini, ikafunguliwa Mei 2014. Kipande kilichobaki hadi Newhaven watu wamekipata Juni 2023. Ripoti ya uchunguzi wenyewe wa nini kiliharibika imetoka mwaka huo huo!

Kwa hiyo andikeni: je, mabomba yamepimwa kwa kuchimba mashimo ya majaribio au yamekisiwa ofisini? Barabara itachimbwa vipande vipande au yote kwa mpigo? Mizigo ya dukani itashushwa wapi? Na fidia ya kipindi cha ujenzi, achana na ile ya ardhi. Miji mingi ya Ufaransa huunda kamati ya kupatana na wafanyabiashara wakati reli inajengwa: unaleta vitabu vya hesabu vya miaka iliyopita, hasara inapimwa, unalipwa bila kwenda mahakamani. Anzeni kutunza hesabu zenu leo. Asiye na vitabu hana cha kuonyesha.

Magurudumu_Mawili

Natumia kiti cha magurudumu. Katibu, hofu yako ya ukuta si ndogo, usiiweke mwisho wa barua.

Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi Septemba 2015. Sehemu nyingi njia imetengwa kwa uzio na kuta katikati ya barabara, ikabidi watu wazunguke mbali kutafuta pa kuvukia, na wengine wakavuka pasiporuhusiwa. Treni inahitaji njia yake, nakubali, la sivyo inakwama kwenye foleni pamoja na magari. Lakini umbali kati ya kivuko na kivuko ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu unaweza kuombwa ubadilishwe. Pimeni leo watu wanavukia wapi, wekeni alama kwenye mchoro.

Msikubali kujibiwa kwamba behewa lina sakafu ya chini basi limekwisha. Sakafu ya chini huwa sentimita 30 hadi 35 hivi kutoka usawa wa reli. Jukwaa lisipolingana nayo, au likiacha mwanya mpana, mimi nabaki nje. Hiyo njia ya nguzo ndiyo inanitisha zaidi: kila kituo kinahitaji lifti, na lifti ikiharibika kituo kimefungwa kwangu. Ulizeni nani atazitunza.

Kebo_Tatu

Nyongeza za kifundi, kwa haraka. Reli nyingi za aina hii hutumia umeme wa mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri), mara nyingi volti 750, na umeme hurudi kupitia reli zenyewe. Reli isipotengwa vizuri na udongo, mkondo huvuja na kutafuna mabomba ya chuma. Ulizeni kinga yake. Pili, kwenye kona kali magurudumu hupiga ukelele. Kona ikiwa chini ya dirisha la mtu, ombeni mpango wa kupunguza kelele kwa kona hiyo hasa, wasiwape wastani wa njia nzima. Tatu, karakana ya treni itakuwa wapi? Huwa haichorwi kwa rangi ya kuvutia.

Na vipuri! Hiyo hiyo Addis ilianza na treni 41, na nyingi zikaishia kusimama kwa kukosa vipuri. Treni nusu zikilala, foleni ya abiria inarudi pale pale.

Katibu_wa_Mtaa

Asanteni sana, nimejaza daftari. Naona hapa kwamba kidodoso tutakijaza kila mtu kwa anavyoona, kisha barua ya kamati iwe ya masharti na maswali. Maswali mawili bado. Saini tukusanye au tuache? Na rasimu yangu inaanza hivi: "Tunaomba kivuko karibu na mti mkubwa kwa sababu watoto wengi wanavuka hapo." Inatosha?

Duka_la_Pembeni

Saini kusanyeni, zinaonyesha mko wengi. Ila karatasi moja yenye majina mengi kwingi huhesabiwa kama maoni mamoja. Anayeweza kuandika mistari mitano ya kwake aandike. Msinakiliane maneno, mchambuzi akiona barua zinafanana anazifunga fungu moja.

Magurudumu_Mawili

Na kikao kikiwa ghorofani pasipo lifti, andikeni mapema kihamishwe. Maoni yangu hayapandi ngazi.

Mpimaji_Mstaafu

Rasimu ya mti haitoshi. Atakayeisoma hajawahi kufika mtaani kwenu na mti haupo kwenye mchoro. Tazama kandokando ya mstari wa njia, utaona namba kama 4+350, maana yake kilomita nne na mita mia tatu hamsini kutoka mwanzo wa njia. Hiyo ndiyo anwani yenu. Hesabuni wavukaji kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, siku ya kazi, kisha mwandike hivi:

"Mchoro namba fulani, alama 4+350: hakuna kivuko hadi alama 4+900. Hesabu yetu ya wavukaji tumeiambatanisha. Tunaomba kivuko chenye taa hapa, au maelezo ya maandishi kwa nini hakiwezekani."

Hilo "au" lisisahaulike. Ombi peke yake mtu anaweza kulinyamazia, ila ukishadai sababu kwa maandishi, ukimya wake nao unakuwa ushahidi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo.

Kinyonga_Mkavu

Na tarehe kwenye huo muhuri isomeke. Hapo nakubaliana na mzee.