Mota ya kW 15 kwenye VFD imeungua mara mbili, nisuke kwa waya mnene zaidi?

Mkanda_Mtwara: Wakuu, habari za kazi. Mota ya fezi tatu, kW 15, inaendesha mkanda wa korosho hapa Mtwara mjini. VFD (kifaa cha kubadili kasi ya mota) iko chumba cha umeme, kebo mita 70. Muda mwingi inakwenda 15 Hz, yaani taratibu. Imeungua mara mbili na overlodi (kinga ya ampea kuzidi) haikukata. Nataka isukwe, yaani koili zifungwe upya, kwa waya mnene zaidi. Niko sawa?

Stata_Mikindani: Koili zimeunguaje, mkuu? Zikiiva rangi moja fezi zote tatu, ni joto: feni imefungwa kwenye shafti, kwa 15 Hz upepo haupo, na mkanda unadai nguvu ileile ya kuzungusha (toki). Ikiwa ni tundu moja karibu na waya za kutokea, ni volti.

Mkanda_Mtwara: Tundu moja, koili ya mwanzo ya fezi V. Nyingine safi kabisa.

Stata_Mikindani: Basi unene haukusaidii. VFD ya volti 400 inatoa mapigo ya volti kama 565, yanayopanda ghafla mno. Kwenye kebo ndefu yanagonga mota na kurudi, hivyo terminali zinaona 1,100 au zaidi. Sehemu kubwa ya pigo hubebwa na mizunguko ya mwanzo tu. Koili zetu za mkono hulala ovyo, mzunguko wa kwanza unaweza kugusana na wa mwisho, katikati ni vanishi peke yake. Ampea hazipandi, overlodi itajuaje?

Mwambie fundi: waya wa shaba wa mota za VFD, saizi ileile, mizunguko ileile. Mnene hautaingia kwenye sloti (mitaro ya kulaza koili), atapunguza mizunguko, mota ianze kuvuta ampea za bure. Karatasi ya kukinga kati ya fezi hadi vichwani mwa koili, watu wengi hapo ndipo wanapobania. Vanishi mara mbili, kila mara ioke. Na hii hewa ya chumvi, usiruke.

Lindi_Fezi3: Ukisuka tu bila kugusa kebo, itarudi mezani. Sogeza VFD jirani na mota, au funga filta ya dV/dt (inayopunguza kasi ya volti kupanda) kwenye kutokea kwa VFD. Kasi ya kukata mapigo ishushe hadi 3 au 4 kHz. Italia kidogo, iache ilie. Badili pia giaboksi ili mkanda uende mwendo uleule mota ikiwa 40 Hz, feni ipate kazi.

Angalia beringi. Njia ya gololi ikiwa na mistari kama bati la paa, umeme unapita humo: weka beringi iliyokingwa umeme upande wa feni, na brashi ya athi kwenye shafti.

Siku ya kupima kwa mega (kipimo cha kinga ya koili, kinachotoa volti kubwa), chomoa kwanza kebo kwenye VFD. Ukisahau, unanunua VFD.