Tupeane uzoefu wa makundi ya kigaidi: wakibanwa huku wanaibukia kule, mlioishi nao jirani mliona nini?

Wakuu, salaam. Hawa jamaa wakifurushwa sehemu hawaishi, wanahama na kubadili mtindo. Waasi wa ADF walianza miaka ya 1990 wakimpinga Museveni, ugomvi wa Waganda kabisa. Kufikia 2019 ISIS ikawa inadai mashambulizi yao Congo. Mlio karibu semeni mliyoyaona. Mambo ya udini tuyaweke kando.

Mdau wa Mtwara: Niko kando ya Ruvuma. Oktoba 2017 wapiganaji walipovamia Mocímboa da Praia, Msumbiji, tulidhani ni fujo za ng'ambo tu, vijana na polisi wao. Baadaye shemeji yangu akavuka na watoto. Anasema miongoni mwa waliochoma nyumba zao alimtambua kijana aliyekuwa akimuuzia samaki sokoni, na wengine walikuwa wakiongea Kiswahili hiki hiki chetu. Oktoba 2020 wakaingia Kitaya, upande wetu. Siku hizi mgeni hajatua hata begi, mwenyekiti wa kijiji ameshafika na daftari.

Wa Lamu: Mpeketoni 2014 Al-Shabaab walikuja kundi zima, usiku, wakaua wanaume kwa makumi. Jeshi lilipoingia msitu wa Boni wakaacha kuja wengi vile, wakageukia kutega mabomu barabarani. Basi likifika Garsen lasubiri askari wa kulisindikiza. Abiria juani, mama ana mtoto mgonjwa, aambiwa ngoja msafara.

Mkulima, Beni: Operesheni Shujaa ya Uganda na FARDC, jeshi la Congo, dhidi ya ADF ilianza 2021. Pande zetu zingine zikapoa, lakini jamaa zangu waliokimbilia Ituri wakakutwa huko huko. Shamba langu la kakao niliacha likiwa limeiva. Kurudi, nimekuta imevunwa vizuri, maganda yamerundikwa kwa mpango. ADF au jirani? Kila mtu hapa ana jibu lake na hakuna anayelisema kwa sauti.

Eastleigh: Al-Shabaab walitoka Mogadishu Agosti 2011, watu wakasema yamekwisha. Mwenzangu wa biashara kule kontena likishuka bandarini analipa serikali, kisha anapigiwa simu awalipe na wao. Hesabu ya mzigo wanayo kamili! Kwa maoni yangu huku ndiko kujibadilisha kwenyewe, kuliko hata bunduki.

Mdau wa Mtwara: @Eastleigh akikataa inakuwaje?

Eastleigh: Hajawahi kukataa, mkuu.