Tawi ya avoka imelala ku tole (mabati) zangu na mvua iko karibu, nifanye aje?

Bahati_Panzi: Jambo yenu wote humu. Niko Bukavu, upande wa Panzi, parsele (kiwanja) yangu iko mu mutelemko, munajua mambo ya huku kwetu. Nyuma ya nyumba kuko muti kubwa ya avoka, baba njo aliipanda mbele hata sijazaliwa, sasa tawi moja nene kama paja imelala juu ya tole. Mwezi wa nane unaisha, septemba mvua inarudi na upepo yake, usiku tole inalia kwe kwe kwe silali tena, bibi naye halali ananilaumu mimi. Swali yangu moja tu: kukata matawi bila kuangusha muti munalipa ngapi, na nikate yote juu ibaki shina ao?

MamaMapacha: Avoka ya ngozi nyeusi ao ya kijani? Mimi yangu ya Kadutu nilikata yote juu, miaka mbili nanunua avoka sokoni huku shina inanitazama pale mu parsele.

Papa_Seremala: Mwanangu usikate yote juu. Muti ukiutoa kichwa unaota vitawi vyembamba vimeshikia ngozi tu, upepo ukija vinavunjika, na ngozi ya shina ya avoka jua inaiunguza. Toa ile tawi moja na zile zimekauka, usipite robo ya majani. Tawi nzito kwanza unaifunga kamba, kisha unaikata kutoka chini, sentimeta 30 hivi toka ku shina, usiingie sana, halafu unasogea mbele kidogo unakata kutoka juu, hivyo inaanguka bila kuchana ngozi ya shina mpaka chini. Mwisho njo unatoa kisiki, lakini ule uvimbe pale tawi inazaliwa unauacha, ule njo unafunika kidonda. Sasa niambie, mu ile tawi kuko kitu ingine?

Bahati_Panzi: Kuko majani tu papa. Na ndege.

Yaya_Nguba: Miye tole hazinisumbui, angalia udongo. Muti ikiwa imeinama tangu zamani hiyo ni tabia yake, lakini upande wa juu wa mutelemko udongo ukipasuka ao mizizi ikianza kuinuka, muti yote inataka kuondoka, hiyo si kazi ya matawi tena. Na usikimbilie kungoa, mizizi njo inashika parsele yako. Watu wa Bukavu tunakata miti mu mutelemko, kisha tunashangaa jirani wa juu amekuja na nyumba yake mu saluni yetu ya kupokelea wageni.

Dogo_Essence: Mumuulize bibi kama ni tole inalia ao ni bwana.

Papa_Seremala: Bahati, umenijibu mbio sana. Umeme wako unapita wapi?

Bahati_Panzi: Sawa, kuko waya. Inatoka kwa jirani, inapita mu muti, walifungia pale na kamba ya nailoni, inaleta umeme kwangu na ku nyumba mbili za chini. Lakini umeme wenyewe si munaujua, asubuhi hauko, na shemeji yangu, mudogo wa bibi, atapanda jumamosi saa tatu. Tronsonezi, ile mashini ya kukata miti, nimeshakodi, avansi dola 20, mwenyewe harudishi. Shemeji si fundi lakini ni mwepesi, kwao kijijini wanapanda miti tangu utoto.

Yaya_Nguba: Mwepesi wa kuanguka. Umeme hauko asubuhi, nani alikuandikia? Unarudi wakati unataka. Na muti mubichi iko na maji ndani, inapitisha.

Papa_Seremala: Tronsonezi haipiti juu ya bega, haitumiwi ku ngazi, na mutu hajifundishi mu muti wa shemeji yake. Hiyo dola 20 usahau.

Bahati_Panzi: Papa, dola 20 naisahau namna gani mwezi huu wa kununua vitu vya shule? Na nilishamuahidi shemeji matawi ya kuchoma makala.

Mutazamaji: Ngojeni. Tawi imelala ku tole, waya iko mu tawi, basi nyumba yote ingekuwa na umeme na huyu hangekuwa hapa anaandika. Hadithi imetungwa hii. Ni mwenye tronsonezi anatafuta kazi, mutaona, kesho anaweka nambari ya simu.

Dogo_Essence: 😂😂 Na bei ya promosheni dola 20.

MamaMapacha: Hata rangi ya avoka hajajibu.

Bahati_Panzi: Ni ya kijani mama! Na waya iko na plastiki wakubwa, sijatunga. Ila pale ilifungwa, muti imekua juu yake imeimeza, unaona inaingia huku inatoka kule kama uzi mu sindano. Majani ya pale karibu yamekuwa ya kahawia. Jana asubuhi kulikuwa umande, mutoto akagusa tole akaniambia papa, tole iko na wadudu, inauma vidole.

Yaya_Nguba: Mungu wangu.

Papa_Seremala: Acha avoka. Mutoto asikaribie tole, hata ukuta. Usiguse hiyo waya wewe mwenyewe. Nenda kwa jirani azime kwake sasa hivi, kisha muite fundi wa umeme aitoe mu muti, shemeji anywe chai nyumbani.

Mutazamaji: Uliambiwa haya saa moja iliyopita. Umeenda?

Bahati_Panzi: Niko kwa jirani hapa. Anasema hazimi mpaka nilipe kwanza deni yangu ya umeme ya mwezi wa saba.

Mutazamaji: Aa. Basi ni kweli.

Papa_Seremala: Kuzima kunamusaidia na yeye. Mupatie simu, niongee naye.