Shule za udereva Dar mnatuuzia cheti, kuendesha tukajifunzie wapi?

Wakuu salama? Mi sio salama, nina hasira toka asubuhi kwahiyo mtanisamehe nikiandika kwa kurukaruka.

Kuna shule moja ya udereva huku pande za Tabata, jina nalibana kwanza kwasababu wana hela yangu na bado naidai. Mabango yao mnayajua, yale ya kwenye nguzo za umeme, JIFUNZE GARI MANYUALI NA OTO, LESENI UHAKIKA, na namba ya simu. Nikaenda, nikapokelewa na dada mmoja mchangamfu sana pale mapokezi, nikaambiwa mafunzo ni laki tatu, kila siku unaendesha lisaa limoja kwa mwezi mzima, thiori darasani, lena (leseni ya kujifunzia) wanakushughulikia wenyewe. Nikalipa cash, nikapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, ya EFD eti mashine mbovu. Mashine mbovu mpaka leo.

Sasa hilo lisaa limoja lilivyo. Gari ni Corolla moja ya kizee, mlango wa nyuma kushoto unafungwa kwa kamba, saidi mira imezungushiwa selotepu, afu ndani tupo wanafunzi wanne. Mmoja anaendesha, watatu tupo nyuma tunapigwa jua. Kwahiyo lisaa lako ni la gari sio la kwako, ukigawanya na muda ticha anaopokea simu na muda wa kusubiri aliyechelewa, unashika usukani robo saa, ukizidisha sana dakika ishirini. Ukiuliza unaambiwa kukaa nyuma nako ni kujifunza, unaangalia mwenzio anavyokosea. Laki tatu naangalia kisogo cha mtu!

Na siku tuliyotolewa kwenye uwanja wa vumbi kupelekwa barabarani kwa mara ya kwanza, tukashangilia wote, kumbe tunapeleka mtungi wa gesi nyumbani kwa ticha Kimanga. Mtungi mkubwa ule, upo katikati ya miguu yetu huku nyuma, mama mmoja mtu mzima tunayesoma nae kaukumbatia usigonge mlango wa kamba. Tulipofika ticha akashusha mtungi, akaingia ndani, akala kabisa, sisi tunamsubiri nje. Ile ikahesabiwa kipindi. Baada ya hapo zikafuata safari za mkaa, za kuchukua mtoto shule, za kupeleka matenga ya nyanya sijui ya nani. Yaani mi nimelipia ada ya kuwa dereva wa familia ya mtu.

Halafu kuna hili la pedo ambalo nadhani wengi hawalijui. Gari ya shule inakuwa na pedo za pili upande wa mwalimu, klachi na breki, na ni jambo zuri kabisa, mwanafunzi akichanganyikiwa mwalimu anaokoa. Ticha wetu haokoi, anaendesha. Unaachia klachi kwa pupa, gari ilitakiwa izime, haizimi. Unaingiza gia mbili ovyo, inaingia laini. Unajiona fundi, unarudi nyumbani unawasimulia. Kumbe mzee kule kaikanyagia klachi muda wote huku anachati wasapu. Nilijua siku alivyokuja na kandambili, ikateleza kwenye pedo, gari ikaruka kama chura ikazima katikati ya uwanja, afu akanigeuzia kibao mimi kwamba "nyie wanawake mna papara". Nikamwambia ticha leo toa mguu kabisa nataka nijue naweza au siwezi. Akasema nitamharibia gari.

Dada zangu hapa mtanielewa bila maelezo mengi: na mkono je? Gia ipo katikati, sawa, kunielekeza sawa, lakini kwanini kila nikishika gia na mkono wake unakuja juu ya wangu na unakaa hapo hapo mpaka mwisho wa barabara? Yule kijana tunayesoma nae mbona hashikwi? Nilipomwambia kwa sauti mbele ya wenzangu, siku zilizofuata zamu yangu ikawa ya mwisho kila siku, jua la saa saba. Yule mama ndo alinitetea, alimwambia "baba, sisi tumekuja kufundishwa gari", ticha akanyamaza, lakini mpaka leo hajaomba radhi.

Tuje kwenye vitu ambavyo hatujafundishwa kabisa. Kuondoka mlimani, hakuna, na mtu anakaa Goba au Kimara ndani huko atajuaje kuachia hendibreki na klachi huku daladala imemgusa nyuma? Kuparki kwa rivasi, hakuna, wanasema koni zimeibiwa. Usiku hakuna. Mvua hakuna, ikinyesha kipindi kinafutwa na hakifidiwi, na Dar hii masika yote ndo ungekuwa muda wa kujua barabara ikijaa maji unafanyaje. Reli pale Tabata Relini tunapita nyuma ya daladala tu, yeye ikipita na sisi tumo. Kipilefti tumeonyeshwa kwenye chati ya ukutani iliyopauka mpaka alama ya kutoingia inafanana na ya kituo cha basi. Kibao cha 50 mi nimekielewa kwa kuona wenye magari wanavyopigwa tochi na kulimwa elfu 30, sio darasani. Na bodaboda anayekupita kushoto wakati umewasha indiketa ya kushoto, hilo somo halipo kabisa wakati ndo jambo la kwanza utakalokutana nalo ukitoka getini kwako.

Oto sijaigusa. Nyumbani gari iliyopo ni IST ya kaka, oto, na wengi wetu ndo hizo hizo tunazonunua, lakini gari yao ya oto "ipo gereji". Basi tokeni mkabadilishe bango.

Sasa kilichonileta hapa leo. Mwezi umeisha, nimeenda ofisini nikitegemea kupangiwa mtihani. Yule dada mchangamfu akanitolea karatasi ya pakeji ya leseni, laki mbili, "hauhangaiki na chochote, unaenda kupiga picha tu". Nikamuuliza mtihani je? Akacheka, akasema "mdogo wangu wewe unataka kuteseka". Ikabidi nikae chini nipige hesabu mbele yake. Lena 10,000 na nilishailipia. Ada ya kujaribiwa 3,000. Leseni yenyewe 70,000 ya miaka mitano, unalipa TRA kwa control namba, unapigwa picha na alama za vidole. Jumla 83,000 hata nikiirudia hiyo lena. Hiyo 117,000 iliyobaki ni ya nini? Akaniambia ni ya "mtu wetu kule". Kule wapi? Hasemi. Mtu gani? Hasemi. Na mi sina hakika hata kama huyo mtu yupo, inawezekana kabisa hela inaishia kwenye droo ile ile aliyotolea karatasi, na askari wa watu kule hajui lolote, anasingiziwa tu.

Nikasema mi sitaki pakeji, nataka kujaribiwa kama sheria inavyosema, nikifeli nimefeli nitarudia. Wakuu, sura ilibadilika pale. Eti basi cheti chao cha mafunzo kitachelewa kwasababu bosi kasafiri. Yaani cheti nilichokilipia kinakuwa mateka mpaka ninunue na kitu kingine. Na akanimalizia kwa ile kauli yao "we chukua leseni kwanza, kuendesha utajifunza mbele ya safari". Nitajifunzia kwa nani? Kwa mtoto wa watu anayevuka zebra Barakuda na begi mgongoni?

Yule kijana tunayesoma nae ndo kaniuma zaidi. Ni wa bodaboda, anataka kuhamia daladala, kauza simu yake kwa ajili ya hii shule. Yeye kaahidiwa kwamba kwenye pakeji yake "wataongezea na daraja C humo humo" kwa laki na nusu ya juu. Daraja D ni gari ndogo za binafsi, kubeba abiria wa daladala unatakiwa C na ili uipate unasoma kozi ya PSV, yaani ya madereva wa magari ya abiria, watu wanaenda NIT Mabibo au VETA wanakaa darasani wanafanya mtihani. Huyu ambaye klachi amekanyagiwa na ticha mwezi mzima eti apewe roho za watu wa Gongo la Mboto asubuhi wamesimama mpaka mlangoni. Nimemwambia asitoe hiyo hela, sijui kama kanisikia, njaa haina masikio.

Nachotaka mimi ni vitu vya kawaida sana. Masaa yangu yaliyobaki niendeshe peke yangu kwenye gari, bila mtungi wa mtu, na mwalimu mwingine. Cheti changu nipewe. La sivyo warudishe hela. Na hao wanaokagua hizi shule wasiishie kuangalia vibali ukutani, wakae siti ya nyuma kipindi kimoja tu, waombe na daftari la mahudhurio waone kama kuna mwanafunzi hata mmoja aliyesaini dakika alizoendesha kweli.

Mwenye kujua mwalimu wa maana maeneo ya Tabata, Segerea, Kinyerezi, anayefundisha mtu mmoja mmoja na anayetoka mpaka barabara ya Mandela na makutano ya Kijazi pale Ubungo, aniambie, akiwa mwanamke nitashukuru zaidi. Wale wa "mbona mimi nilijifunza kwa gari ya mjomba siku mbili tu" piteni kimya kimya, leo sina uvumilivu na nyie.

NYONGEZA: wamenipigia saa hii. Bosi amerudi safari ghafla, nimeambiwa niende Jumamosi nikamilishe masaa yangu, ila nije na elfu 20 ya mafuta kwasababu barabara kubwa "inakula". Nitaenda, na nitaenda na wifi yangu ambaye ana mdomo kunishinda mimi mara tatu. Mafuta siwawekei.