Naomba ushauri: mkunga wa sushi ni UNAGI au ANAGO?

Salaam ndugu zangu wapenzi wa maneno. Nimekwama, naombeni msaada wenu.

Najifunza Kiingereza kwa kujaza chemshabongo za magazeti ya Marekani. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, nimeshamzoea: EEL, herufi tatu, mbili zikiwa irabu, ndiyo maana watungaji wanampenda mno. Hata mtoto wake, ELVER, nimekutana naye. Tatizo ni la leo. Kidokezo kinasema tu mkunga wa kwenye sushi (kile chakula cha Kijapani cha wali na samaki), herufi tano. Nimepata tatu za katikati: N, A na G. Sasa maneno mawili ya Kijapani yanaingia sawasawa, UNAGI wa maji baridi na ANAGO wa baharini! Yanatofautiana herufi ya kwanza na ya mwisho tu, na hapo hapo ndipo yanapokatiza majina ya waigizaji nisiowajua. Nimerudia vidokezo vyote vya wima, nimelala nikaamka, bado. Kufungua majibu sitaki.

Mtungaji asipotaja mto wala bahari, ninyi wazoefu huanza na lipi?

Swali la pili ni kwa watu wa pwani, hasa wavuvi. Kwenye daftari langu la msamiati nimeandika "mkunga" kwa wote wawili, na sijaridhika, maana mkunga ni yule anayezalisha wajawazito pia. Je, kwenu yule wa mtoni ana jina lake? Na mtoto wa mkunga mnamwitaje?